Dasturi na Upepo Haba

Saa tatu asubuhi hapa Kemondo, kando ya Ziwa Victoria, upepo wa nchi kavu hukata roho. Usiku kucha umeshuka kutoka migombani kwenda ziwani, ukiwasindikiza wavuvi wa dagaa na taa zao, kwa sababu ardhi hupoa upesi kuliko maji, na hewa baridi ya nchi kavu huteleza kwenda kuziba nafasi ya hewa vuguvugu inayopanda juu ya ziwa. Jua likichomoza mambo hugeuka polepole. Adhuhuri ardhi imeshakuwa ya moto kuliko maji, hewa inapanda juu ya Bukoba na Muleba, na upepo sasa unatoka ziwani kuja pwani, mara nyingi ukiungana na ule wa kusini-mashariki ambao ndio mwenyeji wa ziwa hili. Katikati ya mapishano hayo kuna saa mbili tatu ambapo hewa haina pa kwenda. Moshi wa jikoni unapanda wima. Wazee wa Buhaya wangesema Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba, amejilalia.

Mwenye injini huvuta kamba akaondoka. Mwenye tanga ndiye ninayezungumza naye leo.

Kuna kijana mmoja pale mwaloni anajitengenezea mashua ya matembezi, mita 8 kutoka omo hadi tezi, mlingoti mmoja, tanga moja la mita za mraba 16. Aliniona nimesimama akaniita. "Mwalimu, shikamoo. Nikitokeza mti hapa mbele nikafunga tanga la pili, nitakwenda kweli, au nitakuwa nimeongeza pa kuanikia nguo?" Fundi mzee aliyekuwa akikalafati mtumbwi jirani alicheka bila kuinua kichwa. "Pwani wana jina la mti huo," akasema. "Dasturi."

Ni kweli. Mabaharia wa pwani huuita dasturi, na wengine huuita mlingoti wa maji. Ni mti unaolala mbele ya omo, ukitokeza juu ya maji, na kazi yake ni kulipeleka joshi la tanga, yaani ile pembe ya mbele ya chini, mahali ambapo chombo chenyewe hakifiki. Kijana nilimwahidi jibu refu. Inabidi lianzie mbali kidogo na mti wenyewe.

Lianzie kwenye hewa. Huwa tunasahau kwamba hewa ina uzito. Chukua mchemraba wa hewa wenye mita moja kila upande: ufukweni Lamu, mchana wa joto, una takriban kilo 1.17. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi zaidi, na mchemraba uleule una takriban kilo 1.04. Kwa hiyo upepo wa kasi ileile unalisukuma tanga la Kemondo kwa nguvu pungufu kwa asilimia 11 hivi kuliko tanga la Lamu. Tena maji yetu hayana chumvi. Lita ya maji ya bahari ina gramu kama 1,025, ya ziwa ina 1,000. Chombo cha tani moja ambacho baharini husogeza lita 976 za maji ili kielee, huku husogeza lita 1,000, yaani kinazama zaidi kwa ujazo wa dumu moja la lita 20 na ushei. Nahodha wa Lamu akija huku akalalamika kwamba chombo kimekuwa kivivu, msimcheke. Amepunjwa juu na chini.

Sasa nguvu ya upepo. Ili kujua upepo unasukuma kiasi gani kwa kila mita ya mraba ya tanga, chukua nusu ya uzito wa ule mchemraba wa hewa, zidisha kwa kasi ya upepo, kisha zidisha tena kwa kasi hiyohiyo. Neno la kushika hapo ni "tena". Kasi inaingia mara mbili, kwanza kwa sababu hewa iendayo upesi inagonga kwa nguvu zaidi, na pili kwa sababu hewa nyingi zaidi inafika kila sekunde.

Tuitie kwenye tanga la kijana. Upepo wa mita 6 kwa sekunde, ule mzuri wa alasiri, unatoa kama nyutoni 18.7 kwa mita ya mraba. Kwa mita 16 ni nyutoni 300, sawa na uzito wa kilo 30, nusu gunia la kahawa. Upepo ukishuka hadi mita 3 kwa sekunde, hupati robo gunia kama mtu angedhani. Unapata nyutoni 75, mkungu mdogo wa ndizi. Ukishuka tena nusu, mita 1.5 kwa sekunde, zinabaki nyutoni 19. Hiyo ni chane moja. Tanga lililokatwa vizuri huweza kutoa zaidi ya hapo, lililochakaa hutoa pungufu, ila ukubwa wa mambo ndio huo. Asubuhi ya shwari, mashua nzima na watu wake inavutwa na chane ya ndizi.

Upande wa pili wa mizani yako maji, ambayo ni mazito kuliko hewa yetu mara 960 hivi. Maji huzuia chombo kwa njia mbili. Kuna kusugua: maji yanang'ang'ania ubao na kuburutwa. Na kuna kuinua mawimbi: chombo kinaposukuma maji yakasimama mbele na nyuma yake, nguvu iliyoyainua imepotea. Mawimbi ni tatizo la mwenye haraka. Chombo chenye mita 7 za urefu kwenye usawa wa maji huanza kugonga ukuta huo kinapokaribia mita 3.3 kwa sekunde. Sisi tunazungumzia mita 1.5, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka, na hapo karibu kila kitu ni kusugua. Mashua kama hii, yenye mita za mraba 12 za ubao ulio majini, ikiwa safi, husuguliwa kwa nyutoni 40 hivi kwa kasi hiyo.

Nimesema ikiwa safi. Chombo kilichokaa wiki nyingi majini huota ute wa kijani chini, na ute huo hula nguvu usiku na mchana bila kelele. Kabla hujanunua mti wala kitambaa, pandisha mashua mchangani uisugue.

Msuguano nao, kama upepo, hukua kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Ukiongeza eneo la tanga kwa nusu, kutoka mita 16 hadi 24, nguvu inaongezeka mara 1.5. Chombo kinaongeza mwendo mpaka msuguano nao uwe umeongezeka mara 1.5, na hilo hutokea kasi ikiongezeka kwa kipeuo cha pili cha 1.5, yaani mara 1.22. Kutoka mita 1.5 kwa sekunde unafika 1.83. Inaonekana kidogo. Lakini chukua safari ya kilomita 20, kama mtu anayevuka kwenda upande wa kisiwa cha Bumbire: mwendo wa kwanza unachukua saa 3 na dakika 42, wa pili saa 3 na dakika 2. Dakika 40 hizo ndizo zinazoamua kama utafika kabla ya mawingu ya jioni kuanza kukusanyika.

Bumbire yenyewe ina habari yake na vyombo vya tanga. Mwishoni mwa Aprili 1875 Henry Morton Stanley alifika kisiwani hapo na mashua yake Lady Alice, ya futi 40, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani. Wenyeji walimnyang'anya makasia, naye na watu wake wakakimbia wakipiga kafi kwa mbao walizozing'oa sakafuni mwa mashua. Miezi michache baadaye alirudi na bunduki akaua watu wengi, na hilo ndilo la kukumbuka kwanza kuhusu ziara yake. Mimi, kila nikiisoma habari ile, jicho langu husimama pia kwenye zile mbao. Chombo cha tanga kiliokolewa na sakafu yake.

Tanga la pembetatu lenyewe lilikuja huku na watu wa pwani. Katika miaka hiyohiyo ya 1870 mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Songoro alikuwa akiunda jahazi Ukerewe. Kabla yake mitumbwi mikubwa ya magharibi ya ziwa, ya mbao zilizoshonwa, ilikwenda kwa makafi. Ila ilikuwa na pua ndefu iliyotokeza mbele ya omo, nyingine ikipambwa pembe za wanyama. Kwa hiyo mti unaotangulia chombo si mgeni wa macho katika maji haya, ingawa pua ile haikufungiwa tanga.

Turudi kwa kijana. Tuseme anataka zile mita 8 za mraba zaidi. Kwa nini asirefushe mlingoti? Jambo hilo lina mvuto wake, kwa sababu upepo wa juu una kasi kuliko wa chini. Maji huushika upepo miguu kama matope, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyokuwa huru. Kati ya mita 3 na mita 7 juu ya maji, nguvu kwa kila mita ya mraba inaweza kuongezeka kwa karibu asilimia 18. Ndiyo sababu ncha ya foromali ya jahazi, ule mti unaoshika tanga, huchongoka kwenda juu sana: inachuma kule ambako kuna kitu.

Lakini nguvu ya juu hukilaza chombo. Anayetaka kung'oa kisiki hushika mtaimbo kwenye ncha, na tanga la juu limeshika mtaimbo kwenye ncha. Mita 8 za tanga zilizokaa mita 7 juu ya maji zinakilaza chombo kama 8 mara 7, yaani 56. Zilezile zikikaa mita 3 juu ya maji ni 24. Unapata asilimia 18 za nguvu na kulipa zaidi ya maradufu ya kulala, na bado hatujahesabu uzito wa mlingoti wenyewe uliokwenda juu. Kemondo haihitaji kufundishwa kwa mchoro habari za chombo kupoteza usawa. Meli ya MV Bukoba ilipita gatini hapa ikachukua abiria kabla ya kuzama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996.

Kwa hiyo tanga liongezwe chini, na chini kuna nafasi moja tu iliyo wazi, nayo ni mbele. Hapo ndipo mti unapoingia. Mlingoti wa kijana umesimama mita 2 nyuma ya omo. Tanga la mbele lenye urefu wa mita 6 kwenda juu, likifungwa kati ya mlingoti na omo, litakuwa pembetatu ya mita za mraba 6. Akitokeza dasturi mita 1.5, kitako cha pembetatu kinakuwa mita 3.5, na eneo linafika mita 10.5. Mti mmoja wa mikaratusi, mita moja na nusu ya hewa tupu, umekaribia kulifanya tanga la mbele kuwa maradufu bila mlingoti kuongezeka hata kidole.

Ningeishia hapo kama chombo kingekuwa kinavutwa tu. Chombo pia hugeuzwa, na sehemu hii ndiyo wengi huikosea.

Fikiria baiskeli iliyobeba mikungu mitatu nyuma. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza, na mwenye baiskeli anaegemea mbele mpaka kifua kiguse mpini. Mashua nayo ina egemeo. Chini ya maji kuna mahali, karibu na katikati ya mkuku, ambapo ukikisukuma chombo kwa ubavu kitakwenda ubavu bila kuzunguka. Pale ndipo egemeo. Tanga lililo nyuma ya egemeo husukuma tezi kwenda demani, yaani upande upepo unakoelekea, na omo linageuka kuutazama upepo. Tanga lililo mbele hufanya kinyume.

Tanga kubwa la kijana lina kitovu chake mita 1 nyuma ya egemeo. Mita 16 mara 1 ni 16, na hiyo 16 inataka kumgeuza kila dakika. Anazuia kwa usukani. Usukani ulioshikwa upande ni ubao unaoburutwa majini. Upepo ukiwa mwingi huoni hasara, upepo ukiwa chane moja ya ndizi umeshaigawa chane hiyo na usukani. Sasa mpe tanga la mbele. Likifungwa kwenye omo, kitovu chake kiko kama mita 2.7 mbele ya egemeo, na mita 6 za mraba mara 2.7 zinatoa 16 na kidogo. Mizani imekaa. Usukani unanyooka, unaweza kuushika kwa vidole viwili.

Tazama kinachotokea ukiweka lile la mita 10.5 kwenye dasturi. Kitovu kimesogea mbele hadi mita 3.2 hivi, na 10.5 mara 3.2 ni karibu 34 dhidi ya 16. Mizani imepinduka upande wa pili. Chombo kinakimbia upepo, na ukitaka kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kupiga kona huku na huku, omo linakataa kupanda. Nimeona watu wakilaumu dasturi kwa hilo. Mti hauna kosa. Wenzo umefanya kazi yake kama ulivyoombwa, ila aliyeomba hakupiga hesabu.

Kwa hiyo kijana anahitaji matanga mawili ya mbele, si moja. La kubishia liwe dogo: likifungwa ncha ya dasturi, mita 5 tu zinatosha kuileta ile 16. Lile kubwa la 10.5 likae gunioni mpaka upepo uwe wa ubavuni au wa nyuma. Hapo hesabu hubadilika, kwa kuwa tanga kuu limefunguliwa limetoka nje ya ubavu, linavuta chombo kwa upande mmoja na kutaka kukizungusha vikali zaidi kuelekea kwenye upepo, na sasa ile ziada ya mbele inakuwa dawa. Akibishana nami kwamba hana fedha ya matanga mawili, nitamwambia aanze na dogo, na siku ya shwari awahamishie abiria nyuma kidogo. Tezi ikizama, egemeo nalo linarudi nyuma, na mizani inabadilika bure.

Kuna swali la kurudi nyumbani. Bumbire iko kusini-mashariki ya Kemondo, na upepo wa alasiri hupenda kutoka hukohuko, kwa hiyo unarudi upepo ukiwa mgongoni. Watu hudhani hiyo ndiyo raha. Upepo ukiwa haba, hiyo ndiyo adha.

Tanga haliujui upepo wa ziwani. Linaujua upepo unaopita juu ya chombo. Upepo ukiwa mita 3 kwa sekunde, na chombo kikawa kinakwenda mita 1.5 mbele yake moja kwa moja, juu ya sitaha inabaki mita 1.5 tu, na nguvu imeshuka hadi robo. Ndiyo maana ukikimbia na upepo unasikia joto na nzi wanarudi. Chombo hichohicho kikipata upepo wa ubavuni kwa kasi hiyohiyo, mwendo wake unajumlishwa na upepo kama pande mbili za pembe mraba, na juu ya sitaha kunavuma mita 3.35. Linganisha nguvu za hali hizo mbili: 3.35 kugawa kwa 1.5, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 5. Siku ile ile, ziwa lile lile, tanga lile lile, mara tano.

Huwezi kurudi Kemondo kwa ubavu kama Kemondo iko mbele yako. Unaweza kupinda. Ukielekeza omo nyuzi 30 kando ya njia, kisha katikati ya safari ukageuza nyuzi 30 upande mwingine, njia inarefuka kwa asilimia 15, lakini upepo wa juu ya sitaha unapanda kutoka 1.5 hadi karibu 1.9, na nguvu inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Hesabu kamili ina mzunguko kidogo, kwa sababu kasi ikiongezeka upepo wa sitahani nao hubadilika, ila mwelekeo ndio huo. Na faida ya pili haiko kwenye hesabu hii. Upepo ukiwa nyuma kabisa, tanga la mbele limefichwa na kubwa, linaning'inia kama shuka kwenye kamba. Ukipinda, na joshi lake likiwa ncha ya dasturi mbali na mlingoti, linatoka kivulini na kujaa.

Hapa fundi mzee alinikatiza. Alisikia, akasema, kwamba matanga mawili yanasaidiana kwa kuubana upepo katikati, kama maji ya mpira ukiyabana kwa kidole gumba, hewa ikatoka kwa kasi nyuma ya tanga kuu. Maelezo hayo yalikaa vitabuni miaka mingi. Mwaka 1971 Arvel Gentry, mtaalamu wa mwendo wa hewa aliyefanya kazi Boeing na mwenyewe mpenda matanga, alionyesha kwamba si hivyo. Hewa inayokaribia mwanya kati ya matanga haijafungiwa kwenye mpira; ikikuta njia nyembamba, sehemu kubwa hupita kando, na ndani ya mwanya mwendo hupungua. Kinachotokea ni kwamba tanga kubwa, hata kabla upepo haujalifikia, huupinda upepo ulio mbele yake. Tanga la mbele limekaa palepale kwenye mpindo huo, kwa hiyo linapata upepo wenye pembe nzuri zaidi na unaokimbia zaidi nyuma ya mgongo wake, kuliko kama lingekuwa peke yake. Tanga kuu kwa upande wake linapoteza kidogo. Jumla ni faida, lakini anayenufaika ni wa mbele, kama mtoto anayekula kwa jasho la mzazi. Fundi hakuonekana kufurahi. Nilimwambia hata wataalamu hawakufurahi.

Kitambaa nacho kina neno lake. Ukiwa na chane moja ya ndizi huwezi kuitumia nusu yake kuinua kitambaa. Turubai nzito, au mifuko ya salfeti iliyoshonwa pamoja, upepo wa mita 1.5 haulijazi umbo lake. Linaning'inia, na tanga lisilo na umbo ni pazia. Tanga kubwa la mbele liwe nailoni nyembamba, ile ya matanga ya puto ambayo mabaharia wa matembezi huita spinaka na jenaka, na kamba yake ya demani iwe nyembamba kama ya mwavuli, kwa sababu kamba nene iliyolowa inatosha peke yake kuivuta pembe ya tanga chini. Halafu kuna hila ambayo mgeni akiiona hudhani watu wamechanganyikiwa: shwari ikizidi, wote wanahamia upande wa demani, ule tanga liliko, ili chombo kilale kidogo makusudi. Tanga linaangukia umbo lake kwa uzito wake wenyewe, hata upepo usipolijaza, na kwa baadhi ya mashua ubao uliolowa unapungua. Kisha mnakaa kimya. Mtu mmoja akisimama kuchukua maji ya kunywa, chombo kinatikisika, hewa iliyokuwa imeshikamana na tanga inaachia, na mnaanza upya.

Mti wenyewe uwe na nguvu kiasi gani? Kwa upepo wa mita 3 tanga la mita 10.5 linavutwa na nyutoni 50 hivi, mkono wa mtoto unatosha. Lakini hili ni Ziwa Victoria, na upande huu wa magharibi ndio unaopokea ngurumo nyingi. Wingu jeusi likishuka na upepo wa mita 15 kwa sekunde, kasi imeongezeka mara 5 na nguvu mara 25. Sasa ni zaidi ya nyutoni 1,200, zaidi ya kilo 120 kwenye ncha ya mti, na ukingo wa tanga ukivutika kama uzi wa upinde nguvu huzidi hapo. Dasturi ni wenzo tena: mita 1.5 nje, mita 1 ndani, egemeo ni omo. Kilo 120 za nje zinazoinua zinakuwa 180 za ndani zinazobonyeza sitaha. Ndiyo maana chini ya dasturi lazima iwepo kamba au mnyororo unaotoka nchani kushuka hadi kwenye omo karibu na usawa wa maji. Kamba hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Mti unabaki na kazi ya kusukumwa kwa urefu wake, ambayo mti huiweza sana. Dasturi isiyo na kamba ya chini huvunjika siku ya kwanza ya wingu.

Na asiwepo mtu wa kutambaa juu yake. Ncha ifungwe roda, kamba ya joshi ipite ndani ya roda irudi sitahani, tanga litwekwe na kutuliwa watu wakiwa wamesimama ndani ya chombo. Tanga la nailoni lishuke wingu likiwa bado Bumbire, si likiwa limefika juu ya kichwa.

Kijana aliuliza atajuaje kama mti umemfaa. Nilimpa vipande viwili vya utepe wa kaseti ya zamani. Kimoja akifunge juu ya mlingoti, kingine ncha ya dasturi. Ni vyepesi mno, hewa inayopumua tu inavinyoosha, na asubuhi ya upepo haba ataona vinaelekea pande mbili tofauti. Kisha achukue kipande cha jani la mgomba. Mmoja akidondoshe majini kwenye omo na kupiga kelele, mwingine kwenye tezi ahesabu kwa saa mpaka kipite. Chombo ni mita 8. Bila tanga la mbele, kwa mita 1.5 kwa sekunde, jani litachukua sekunde 5.3. Likiwepo, kwa mita 1.83, litachukua 4.4. Tofauti haifiki sekunde moja, kwa hiyo asiamini jani moja. Adondoshe kumi bila tanga, kumi na tanga, achukue wastani, upepo ukiwa uleule. Alikwenda kukata jani pale pale, mashua ikiwa bado haina hata sitaha.